Maji ya Rubondo: kwa nini yasifunguliwe hata miezi miwili?

MwanaMwalo aliandika:

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni. Naomba wenye uelewa wanisaidie, ila tusitukanane.

Mimi ni mvuvi, nina mitumbwi miwili, natokea mwalo mmoja upande wa Chato. Asubuhi hali ya hewa ikiwa safi, Rubondo, kile kisiwa cha hifadhi ya taifa humu Ziwa Victoria, tunaiona vizuri kabisa, msitu mtupu kuanzia majini mpaka mlimani. Sasa huku kwetu sato wamekuwa wa kutafuta kwa tochi. Unatega jioni, unalala majini, unarudi na samaki hata hawajai ndoo, na mafuta ya mashine umeshayachoma. Kule ndani ya mpaka wa hifadhi maji yametulia, hakuna nyavu. Hifadhi yote ni kilomita za mraba 456 na ushee, na karibu nusu yake ni maji. Hayo ni maji mengi jamani.

Mwaka jana kwenye kikao cha BMU, kikundi chetu cha kusimamia uvuvi mwaloni, kuna mzee mmoja alitoa wazo, nami nikaliona lina akili: hifadhi ifungue maji yake miezi miwili tu kwa mwaka, wavuvi wenye leseni waingie, kisha pafungwe. Samaki wanazaliana, si wanyama wakubwa wale wa kusema watakwisha. Lingine, watalii wanaruhusiwa kuvua mle na fimbo zao. Mzungu akivua ni utalii, mimi nikivua ni ujangili?

La mwisho ni swali tu la kawaida. Nasikia tembo, twiga na sokwe wa kisiwa kile wote waliletwa na binadamu. Kama ni hivyo, hifadhi inahifadhi nini hasa?

---

Kipepeo_Mza alijibu:

Mkuu umenena. Samaki ni wa Mungu, ziwa ni la Mungu, mpaka wa kwenye maji kauchora nani? Fungueni watu wale.

---

MzeeWaPropela alijibu:

Marahaba kijana. Umeuliza kistaarabu na nitakujibu kwa kirefu, maana nimestaafu na muda ninao.

Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kushika usukani wa boti kuzunguka kisiwa kile. Nimebeba askari wa doria, watafiti, wageni, magunia ya unga ya kambi, na mara mojamoja mgonjwa wa kukimbizwa nchi kavu. Shule yangu ni fupi. Lakini mtafiti akishakaa kwenye boti mnasubiri nyavu zake za majaribio, hana pa kwenda, lazima aongee, na mimi nilikuwa nasikiliza.

Nianze na hiyo miezi miwili, kwa sababu ndiyo yenye sumu. Wazo lile lingefaa kama sato angekuwa na msimu wake wa kuzaa, kwamba tunasubiri amalize ndipo tuingie. Hana. Sato wa ziwa letu anazaa mwaka mzima, mvua zikinyesha anazidisha tu. Utafungua miezi gani? Mwezi wowote utakaouchagua utakuta mama wana mayai.

Na anazalia wapi? Siku ziwa limelala, simama juu ya mtumbwi kwenye ghuba yenye mchanga, maji ya kiunoni, uangalie chini. Utaona duara za mchanga msafi zimepangana, kila moja na dume lake anafukuza wenzake. Hizo kazichimba yeye, kwa mdomo na mkia. Jike anakuja, anataga hapo, halafu anageuka anayazoa mayai yote mdomoni anaondoka nayo. Anakaa nayo siku nyingi, kula kwenyewe kwa shida. Hata vifaranga wakishatoka wanaogelea mbele ya mama kama wingu, na kikipita kivuli cha ndege wote wanarudi mdomoni. Sasa wewe ni mvuvi, umeshaliona kokoro linavutwa ufukweni. Jike akibanwa na wavu anatema. Mayai yanamwagika mchangani, au vifaranga wanatawanyika bila mama, furu, wale samaki wadogo, na ndege wanamalizia. Umepata sato mmoja wa robo tatu ya kilo, na nyuma yake mamia wamepotea. Duara zenyewe zimesawazishwa kama sakafu.

Utaniambia hao wenye leseni hawatatumia kokoro. Kijana wangu, tunajuana. Maji ya katikati ya hifadhi, yale marefu, hakuna atakayehangaika nayo, kwa sababu hayana tofauti kubwa na ya kwenu. Watu wote watakimbilia ukingo. Na ukingo ndiyo Rubondo yenyewe.

Hapa nataka unielewe vizuri. Watu wa mialoni tukisema hifadhi tunafikiria mstari wa kwenye maji. Mimi nikaja kuona kinachofanya kazi ni ule utepe mwembamba ambapo msitu unakutana na ziwa. Miti imeinamia maji, mizizi iko ndani, matawi yameanguka na hakuna wa kuyachukua kuni. Sehemu nyingine ni matete na mafunjo. Vifaranga wa sato wanakaa humo. Sangara wadogo nao, kabla hawajawa na nguvu za kwenda nje, wanazungukazunguka maji mafupi ya karibu na ukingo. Kwenye mafunjo mazito, ndani kabisa, hewa ya majini ni kidogo mno. Sangara hawezi kukaa, anahitaji hewa nyingi. Kwa hiyo furu wanajificha huko, na kamongo na kambare ndio wenye nyumba, maana wao wanapanda juu kuvuta pumzi. Wewe unajua tulipoteza furu wangapi. Sangara alipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameshafagia. Kulikuwa na mamia ya aina za furu, nyingi hazijaonekana tena. Waliobaki wengi walisalia kwenye miamba na kwenye mafunjo kama hayo.

Na mafunjo hayohayo ndimo anamolala nzohe, yule swala wa kwenye maji na matope. Ukienda kimyakimya alfajiri, mashine umezima, unapiga kasia, unaweza kumkuta amesimama, maji yako kifuani, anatafuna. Akikustukia hakimbii. Anazama taratibu, anabakiza pua. Kwato zake ndefu zimepanuka, zimeumbwa kwa tope. Nchi kavu anatembea vibaya mpaka unamhurumia. Kwa hiyo ukiuliza pale kuna usimamizi wa wanyama na usimamizi wa samaki, mimi sijawahi kuona mahali kimoja kinaishia na kingine kinaanzia. Ukikata mafunjo umemwondoa nzohe na furu siku moja. Kiboko analala majini mchana, usiku anapanda kula majani, anarudi kunya majini, na maji yanarutubika. Mamba anataga mchangani, palepale ambapo watu wangepiga kambi. Fisi maji, furukombe, kenge, wote wanakula kutoka utepe ule.

Sasa samaki wa ndani wanakusaidia nini wewe wa nje? Hawana kitambulisho cha hifadhi. Sato akikua ghuba ikajaa madume wenye fujo, anasogea. Wale unaowapata karibu na mpaka, unadhani wametoka wapi? Nimeona mitumbwi inavyojipanga nje ya mstari usiku, taa kwa taa. Wavuvi wenyewe wameshapiga kura kwa makasia yao.

La fimbo za watalii linauma na sitalifunika. Ila tazama kazi yenyewe: mtu mmoja, ndoano moja, kibali cha kulipia, anasimamiwa, na anayemtaka ni sangara mkubwa wa kupiga naye picha. Sangara anaweza kupita kilo 100, na watu hao wanasafiri bara zima kwa ajili ya samaki mmoja. Hakuna anayevuta ghuba. Hata hivyo upande mmoja nakuunga mkono. Ukimkataza jirani kitu kisha ukamruhusu mgeni, lazima jirani aione faida: darasa, zahanati, ajira za vijana wa mialo ileile. Asipoiona, maneno kama ya huyu ndugu Kipepeo hayataisha, na hata mimi sitakuwa na la kumjibu.

Hilo la wanyama walioletwa nitalirudia, macho yamechoka na hiki kioo cha simu.

---

Nyegezi_Boy alijibu:

Mzee heshima yako, nimesoma nikasave. Mimi niko chuo, nasoma uvuvi, naomba niongeze kidogo na nipunguze kidogo.

Nyongeza: kisheria huo mlango haufunguliwi kwenye kikao cha BMU. Uvuvi wa huku nje unaongozwa na Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake za 2009. Hifadhi iko chini ya Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, na mle ndani huvui bila kibali. Ni wizara mbili tofauti. Mtu wa uvuvi wa wilaya hata akikubaliana na wewe hana ufunguo.

Kupunguza: tusiwaahidi watu kwamba Rubondo itajaza ziwa zima. Kwa sato hoja ya mzee ni nzuri sana, sato hasafiri mbali, faida yake inaonekana kwa majirani wa karibu. Sangara ni mtembezi. Mayai yake yanaelea kwenye maji, hayakai kwenye kiota, na mkubwa anaweza kuingia hifadhini leo na wiki ijayo yuko kwenye ndoano za mtu mbali kabisa. Kinachomwokoa sangara zaidi ni kutovuliwa mchanga. Kanuni inasema asiguswe chini ya sentimita 50, na sato chini ya 25. Pale sokoni kwenu mnapima kweli? Na wale majike wakubwa wenye mabondo mazito, vile vibofu vya hewa vya tumboni, kila mtu anawataka kwa sababu ya bei ya bondo, na ndio wanaotaga mayai kwa mamilioni. Dagaa ndiyo kabisa, maisha yake ni maji ya wazi na anakua upesi, mpaka wa hifadhi haumgusi sana.

---

MamaDagaa_Nkome alijibu:

Kaka zangu mnaongea vizuri lakini mmeruka kitu. Mzee kasema ukingo. Haya, ukingo wetu sisi uko wapi?

Huku kwetu mafunjo yalikuwepo, mimi nikiwa binti tulikuwa tunakata ya kusukia mikeka tu. Leo pamechomwa, pamelimwa nyanya na kabichi mpaka maji yanagusa matuta. Mvua ikinyesha udongo wote unaingia ziwani, maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka kwenye maji usilime wala usijenge. Nani ameziona hizo mita 60? Halafu wanaume hao hao wakirudi na ndoo tupu wanainyooshea kidole Rubondo.

Siwasemi vibaya. Nanunua kwao, wakikosa na mimi nakosa.

---

MwanaMwalo alijibu:

Mzee asante sana, na dada Mama Dagaa umenichoma lakini poa. Hili la sato kutokuwa na msimu kwa kweli sisi tunaliona kila siku, tukipasua samaki mayai yapo mwezi wowote, sema sijawahi kuliweka pamoja na hoja ya kufungua. Kwa hiyo hoja ya miezi miwili naiweka pembeni.

Ila bado namsubiri mzee kwenye sokwe. Na ongezea hili: kisiwa hakina simba, hakina chui. Tembo wakizidi nani atawapunguza? Maana samaki nisiowagusa nimeelewa, lakini tembo wakila msitu si ule ukingo nao unaondoka?

---

MzeeWaPropela alijibu:

Nimerudi. Swali zuri kuliko lile la kwanza.

Watu walikuwepo pale, Wazinza, wavuvi na wakulima, wakahamishwa miaka ya 1960. Mwaka 1965 kisiwa kikawa pori la akiba, 1977 kikawa hifadhi ya taifa. Wenyeji wa asili kwa upande wa wanyama ni hao niliowataja: nzohe, kiboko, mamba, fisi maji, na juu kidogo pongo, tumbili, chatu. Wanyama wakubwa kama tembo na twiga hawakuwepo. Wazo la wakati ule lilikuwa kwamba misitu ya bara inakwisha, basi kisiwa kiwe kama banda la akiba. Profesa Bernhard Grzimek, yule Mjerumani mtaalamu wa wanyama aliyejulikana kwa Serengeti, na shirika lake la Frankfurt ndio walisimamia. Wakaletwa faru 16, twiga 12, mbega, tembo 6, paa wadogo. Na sokwe 17, kwa mafungu, kati ya 1966 na 1969.

Hao sokwe ni habari ya peke yake. Walitoka Ulaya, kwenye bustani za wanyama na sarakasi, na asili yao ni Afrika Magharibi. Walifunguliwa masanduku, wakaachwa, hakuna shule ya msituni. Baadhi walikuwa wamezoea watu mno, na madume wawili wakaja kupigwa risasi kwa sababu walishambulia watu. Waliobaki wakajifundisha. Wakajua matunda gani yanaliwa, wakaanza kujenga vitanda juu ya miti, wakazaa. Wajukuu wao wakimwona binadamu wanapotea kwenye majani, ndiyo maana ilibidi ianze kazi ya kuwazoesha upya ili wageni waweze kuwaona. Nimewabeba watu waliolipa pesa nyingi wakarudi botini wamesikia kelele tu.

Faru walimalizwa na majangili. Kwa hiyo unaona, kuleta mnyama si lazima abaki.

Tembo waliongezeka vizuri, na hapo hofu yako ina msingi. Wanabandua magome, wanavunja miti michanga, na hawana pa kuhamia. Hakuna simba wa kula ndama. Sitakudanganya kwamba kuna jibu rahisi. Unaweza kuwahamisha kwa gharama ambayo ukiisikia utakaa chini, unaweza kuwaacha ukaangalia msitu unavyokwenda. Kwanza kabisa lazima uhesabu, tembo na miti pia, mwaka baada ya mwaka, na msitu mnene si Serengeti, huwezi kuruka na ndege ukamaliza. Watu wanahesabu kinyesi na vitanda vya sokwe, wanatembea kwenye mistari waliyoipima, wanang'atwa na ndorobo. Hiyo ndiyo kazi, wala haipigwi picha.

Maoni yangu mimi, na mniache nayo: leo wasingepaswa kuleta mnyama mwingine yeyote mgeni. Sangara alitufunza kwa upande wa maji. Waliomleta walitaka samaki wengi wa biashara, wakawapata, viwanda vikajengwa, mimi mwenyewe nimekula kwa mgongo wake. Lakini ngege, yule sato wetu wa asili, muulize kijana wa leo kama anamjua. Nikikuuliza hifadhi inahifadhi nini, mimi sitamtaja tembo wala sokwe kwanza, pamoja na kwamba ndio wanaoleta wageni. Nitamtaja nzohe na mafunjo yake. Tembo unaweza kumkuta kwingine.

Na kwa Mama Dagaa, hapo umemaliza kila kitu. Kijana, kama BMU yenu ina nguvu ya kuomba hifadhi ifungue ghuba zake, ina nguvu ya kufunga ghuba moja ya kwenu. Moja tu. Msiguse mafunjo, msipitishe kokoro, muone baada ya muda sato wanafanya nini.

---

MwanaMwalo alijibu:

Mzee hiyo ya kufunga ghuba nimeipenda na nimeiogopa kwa pamoja. Tunayo moja, nyuma ya jiwe, kuna matete yamebaki. Nyegezi_Boy, hiyo kisheria inaanzia wapi? Nikisimama kikaoni lazima kuna mtu ataniuliza ghuba ni ya baba yako?

---

Nyegezi_Boy alijibu:

Inaanzia kwenu. BMU mnakaa, mnakubaliana eneo liwe la mazalia, mnaandika muhtasari na sahihi. Unapeleka serikali ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji, kisha halmashauri kupitia kwa afisa uvuvi iwe sheria ndogo, hapo mtu akipitisha kokoro faini ina meno. Chukueni vipimo kwa simu, alama za GPS za pembe zote, msiseme "nyuma ya jiwe" kwenye karatasi. Na anzeni kuandika kabla ya kufunga: mtumbwi, nyavu za inchi ngapi, sato wangapi, urefu. Bila hesabu ya kabla, mwakani mtabishana bure.

---

MamaDagaa_Nkome alijibu:

Na mkiandika eneo, tembeeni kwanza mkaone nani anatumia ufukwe huo. Kwetu walifunga sehemu bila kuuliza, kumbe ndipo wanawake wanapoanikia dagaa na kuteka maji. Kufunga kuvua sawa. Njia ya kuteka maji iachwe, iandikwe humohumo kwenye muhtasari. Mkiwa na tarehe ya kikao iwekeni hapa, kuna kina mama wa mwalo wa jirani yenu nitawaambia waje.

---

MwanaMwalo alijibu:

Kikao ni baada ya mbalamwezi, watu wa dagaa wakiwa bado hawajatoka. Nitaweka tarehe.